Moshi wa Shangazi

Nimelala katika nyumba nyingi za wageni kando ya ziwa letu, Kalemie, Kigoma, hadi Mpulungu, na karibu kila asubuhi, nyuma ya ukuta, yuko mtu anayesafisha koo. Khrrr. Kimya. Khrrr tena. Wenzangu huziba masikio. Mimi husubiri amalize, na nikisikia ametema, natamani kugonga ukuta nimuulize kama shangazi alivyoniuliza: iko rangi gani?

Nilifika kwa shangazi, Uvira, nikiwa na miaka tisa, kwa miguu. Tulishuka kutoka milima ya Lemera na majirani, tukipita vijia vya mbuzi kwa sababu barabara ilikuwa na watu wenye bunduki. Mama alikuwa amekufa kabla ya vita. Baba alibaki na mihogo yake, akaniambia angekuja ikikomaa. Siku ya pili tulilala Katogota, siku ya nne nikaliona ziwa, nikadhani ni mbingu imeanguka. Shangazi alinipokea mlangoni, akaninusa kichwa, akasema, "Byamungu, unanuka mulima." Yeye alinuka samaki.

Alikuwa mkaushaji wa mikebuka, samaki wa ziwa letu. Zamani alikausha uani, juu ya waya mpana, kuni zikiwaka polepole chini yake. Vita vilipokuja, moshi wa uani ukawa kama barua ya mwaliko: maaskari, basoda kama alivyowaita, waliuona, wakaja kula. Basi akauhamishia moto ndani. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja kilijaa wakimbizi wa bondeni, watu kumi na mmoja, hata mkeka mmoja zaidi haukuwa na pa kutandikwa. Katika kile kingine tulilala mimi, shangazi na samaki. Dirisha aliliziba kwa vitambaa. Asubuhi nilipofumbua macho, dari lilikuwa jeusi linang'aa kama chungu cha maharage.

Mwezi haukuisha kabla koo langu halijaanza. Halikuuma. Lilijaa tu, kama mtu amesahau kijiko cha ugali wa moto humo ndani. Nilikohoa, nikameza, kikarudi. Sikuweza kutamka jina langu bila kukwaruza kwanza. Wakimbizi walinicheka: "Muzee ameamuka!" Shangazi alinipa maji ya majani ya mubirizi, machungu kiasi kwamba machozi yalitoka kabla ya kumeza. Alinifunika blanketi juu ya sufuria ya majani ya mikalitusi yanayochemka. Mvuke ulinisaidia hadi saa sita, kisha koo likajaa tena. Kila asubuhi aliniamuru niteme kwenye kigae chenye majivu, akaniuliza, "Iko rangi gani?", akakitazama mwenyewe, akatikisa kichwa, akakiweka nje mlangoni.

Mwishowe akaamua ni kilimi, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Kwetu mtoto mwenye makohozi yasiyokwisha alikatwa kilimi, na aliyekata mtaani kwetu alikuwa bibi mmoja mwenye mikono midogo, wembe wake umefungwa kwenye waya uliopindwa. Niliujua wembe ule. Wiki chache kabla, mtoto wa nyumba ya tatu alikatwa, akatoka damu siku mbili. Alipona, lakini nilikuwa nimeliona beseni la damu yake.

Bibi alikuja asubuhi. Shangazi alinishika kati ya magoti yake.

"Minye sitaki," nilisema.

"Weye unasema sawa na gari bovu, halafu unakataa?" bibi akajibu. "Fungula kinywa. Ah! Ona kilimi iko murefu, inalala juu ya ulimi!"

Hapo akaingia Papa Safari. Alikuwa muuguzi kutoka milimani kwetu, naye mkimbizi, amepanga kwa jirani, na kila asubuhi alikuja kuomba makaa. Alikuwa ameshika koleo mkono mmoja na kigae changu mkono mwingine, kwa kuwa nusura akikanyage mlangoni.

"Nani ametema hii?"

Shangazi aliniashiria kwa kidevu. Papa Safari akakipeleka kigae kwenye mwanga. "Mama, mumeangalia ndani ya kinywa yake. Hii mumeiangalia? Iko na nyuzi nyeusi. Hii ni masizi."

"Masizi ya wapi?"

Papa Safari aliinua macho darini, nasi sote tukainua.

Akaeleza taratibu, koleo bado mkononi. Makohozi si ugonjwa, ni ufagio. Moshi ukiingia, koo hutengeneza ute ili kuuzoa na kuutoa. Ukikata kilimi, moshi uko palepale na ufagio utaendelea. Mtoto apate hewa, anywe maji mengi, asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi bila kuyameza, alale kichwa kikiwa juu kidogo. Akitoa damu au akianza kukonda, aitwe.

"Nilikata vilimi mbele mama yako hajakuzaa," bibi alisema akifunga wembe wake. "Muone kama chumvi itamuponya."

"Nikiwasha inje, basoda banaona moshi," shangazi alisema. Hakumwambia yeyote hasa.

"Najua, mama," Papa Safari akajibu. Akachukua makaa yake, akaenda.

Kesho yake shangazi alirudisha waya na moto uani, akaondoa vitambaa dirishani. Alichagua kuni kavu zisizotoa moshi mwingi, lakini samaki hawakauki bila moshi. Nilisukutua, nikalala kichwa juu ya gunia la nguo. Nyuzi nyeusi zilipungua, zikaisha. Wiki ya tatu nilitamka jina langu lote mara moja, na wakimbizi wakapiga makofi.

Wiki hiyohiyo walikuja maaskari wanne, mchana, wakifuata moshi kama wageni waliochelewa kidogo. Walichukua mikebuka yote, wakachukua na waya. Shangazi alibaki amekaa mbele ya kuni zinazowaka bila kitu juu yake. Bibi wa wembe alipita, akasimama: "Wembe yangu ingemaliza hii maneno siku moja."

Baadaye kidogo baba mdogo, kwa ombi la shangazi, alikuja kutoka Bujumbura kunichukua. Mihogo ya baba ilikuwa imekwisha kukomaa, naye hakuja. Nilijiambia shangazi amechoka na kelele za koo langu. Nilikaa na wazo hilo miaka mingi, na nadhani ndilo lililonifundisha kutokaa mahali. Sikujumlisha mambo yaliyo wazi: kwamba moto ulitoka nje kwa ajili yangu, na kwamba bila samaki hakuwa na cha kunilisha. Alijua mambo yangefika hapo tangu siku ile Papa Safari alipoinua macho darini.

Shangazi alitusindikiza hadi mpakani, lakini sikumuaga vizuri. Aliinama, akanionyesha mchanga mbele ya viatu vyangu.

"Tema, nione."

Nilitema kwa hasira. Akatazama kwa muda mrefu, watu wakitupita na mizigo yao.

"Iko safi," akasema. "Enda."