Mama alivyonishusha kwenye ndege ya Isiro kwa ajili ya maharage

Wakuu, nawasalimu kutoka Bunia, Ituri. Leo umeme upo na bando lipo, sina kisingizio cha kukaa kimya.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sikuhadithiwa. Anayebisha aje mtaani kwetu Lumumba amuulize mama. Hata nyumba hahitaji kuelekezwa, ataisikia sauti.

Kwanza niwaweke sawa wale wa Dar na Nairobi. Huku kwetu uwanja wa ndege si mahali pa kujipigia selfie na miwani ya jua. Nchi ni kubwa mno, barabara zenye amani ni chache, kwa hiyo vile vindege vidogo ndiyo mabasi yetu. Bunia, Beni, Goma, Isiro, unapanda hapa unashuka kule.

Na anayepanda ndege anasafiri na mtaa mzima. Jirani akisikia tu unakwenda Isiro, anakuja na kifurushi cha shemeji yake. Ukikataa, umejitafutia maadui wa bure.

Sasa nije kwa mama.

Mama ni mzaliwa wa Mahagi, Mkatoliki wa kuamka na rozari. Dada yangu Furaha alipojifungua kabla ya wakati, mtoto alikuwa mdogo hadi tuliogopa kumgusa. Daktari akatuambia tuombe tu.

Mama akaomba, akaweka na nadhiri. Mtoto akifikisha mwaka, atapeleka Isiro, kwenye kaburi la sista wetu aliyetangazwa mwenyeheri na Kanisa, maharage ya shamba lake mwenyewe yenye uzito sawa na wa mtoto. Tena siku ya sikukuu ya huyo sista, si nyingine.

Mtoto kafikisha mwaka, wakuu. Bonge la mtoto!

Siku moja kabla ya safari, mama akambeba mjukuu hadi sokoni. Akasubiri kwanza anyonye ashibe, asije akampunja Mungu. Akamfunga kwenye kitenge, wakamning'iniza kwenye ndoano ya mizani. Mtoto alipotolewa, maharage yakamwagwa kwenye kitenge kilekile mpaka mshale ukarudi palepale. Soko zima lilikuwa linatazama.

Kwa kuwa mama hajawahi kupanda ndege, nikajitolea kumsindikiza. Nilijiona mkombozi kabisa.

Asubuhi tunafika uwanjani, naona mama anatembea kwa shida. Kumbe kavaa vitenge vinne, kimoja juu ya kingine, akiamini kinachopimwa ni mizigo tu, kilichovaliwa hakihesabiwi. Wengi huku wanajidanganya hivyo. Ndege ndogo inakupima na wewe mwenyewe. Unapanda kwenye mizani na mkoba wako mkononi, namba yako inasomwa mbele ya watu.

Ndege ilikuwa imejaa mahujaji. Sisi tukawa wa mwisho, maana mama alikuwa anamalizia rozari.

Akapimwa yeye, nikapimwa mimi. Bwana wa mizani akasoma namba, akalitazama tumbo langu, akakohoa.

Tumezidi.

Tukatoa vifurushi vya majirani. Bado. Mama akavua vitenge vitatu. Bado. Nikatoa begi langu lote, nikabaki na mswaki mfukoni. Bado!

"Mama, punguza kidogo maharagi," yule bwana akasema kwa upole. "Ndege hii iko naangalia kilo, hapana maombi."

Mama akalikumbatia gunia lake. "Maharagi hii ni mutoto. Nikipunguza, nimepunguza mutoto."

Nikaingilia kati. Nikamwambia tubebe nusu, Mungu anaelewa, nusu nyingine itakuja na ndege inayofuata. Lakini sikukuu ilikuwa kesho yake, na ndege inayofuata ingefika watu wameshatawanyika. Mama alilijua hilo kuliko mimi.

Akanitazama taratibu, kuanzia viatu hadi kichwani. Kisha akamgeukia yule bwana.

"Papa, huyu mutoto yangu mukubwa iko kilo ngapi?"

Hapo nikajua nimekwisha.

"Weye baki," akaniambia. "Mimi naenda."

Na kweli nikabaki. Uzito wangu ulipotoka, vifurushi vyote vikarudishwa. Vitenge vikarudi. Hadi kikapu cha sista mmoja kilichokuwa kimekataliwa kikapata nafasi, na mahujaji wakanipigia makofi. Mzigo wote wa Lumumba ulikwenda Isiro, mimi peke yangu nikaachwa.

Nikasimama kwenye uzio. Mama akayafunga maharage mgongoni kwa kile kitenge cha sokoni, kama anavyombeba mjukuu, akapanda ngazi bila kugeuka. Mama yangu ambaye hata bodaboda anaipanda akifumba macho. Nilimwogopea sana, na nilijivunia sana. Machozi yalinitoka, sitawadanganya.

Kesho yake baada ya misa simu ikaita. Nikapokea kabla haijaita mara ya pili.

"Maharagi yote imefika kwa altari," akasema. "Nilitaja jina ya mutoto, batu bote wakaitika."

Nikamuuliza tu kama aliogopa huko juu.

"Kuogopa nini? Nilikuwa nabeba mutoto." Kisha akaongeza, "Na weye pia nimekuwekea nadhiri. Siku unaoa, nitaleta huku maharagi ya kilo yako."

"Mama!"

"Basi anza kupunguza kula fufu. Shamba yangu iko kidogo."

Funzo nililopata, wakuu: kabla ya kupima mizigo yako, jipime mwenyewe. Na mama akiwa na nadhiri, mpishe apite.

Waliowahi kushushwa kwenye ndege njooni hapa tufarijiane. Na dada yeyote wa humu ambaye hajaolewa, PM iko wazi, ila asichelewe.

Mama karudi salama, na juzi nimemkuta analima kipande cha pili.