Asubuhi Mgonjwa, Mchana Mzima

Wiki iliyopita kazini, mtu mmoja aliniambia mbele ya wenzake, "Wewe dada, asubuhi mgonjwa, mchana mzima." Wakacheka. Nilikuwa nimechelewa saa nzima kwa sababu vidole vilikataa kufunga vifungo vya blauzi. Baridi yabisi ninayo mwaka wa kumi sasa, na maneno ya namna hiyo nimeyazoea. Hayo, hata hivyo, nilikuwa nimeyasikia kabla sijaumwa, tena kwa lafudhi ya kwetu Ufipa, na hasira iliyonipanda pale kazini haikuwa ya mtu huyo. Ngoja nikusimulie, rafiki yangu, maana nimechoka kuibeba peke yangu.

Nililelewa na bibi, mama yake mama, katika kijiji kilicho njia ya kwenda Matai. Wazazi wangu walikuwa Mbeya wakitafuta maisha. Nyumba yetu ilinuka moshi, maharage na kimea cha ulezi kilichoanikwa kwenye mkeka. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi, kabla ya shule, ilikuwa kumtilia bibi maji ya moto kwenye beseni. Aliingiza mikono yote miwili akafumba macho. Vifundo vilikuwa vimevimba na kung'aa, vidole vimepinda kuelekea upande mmoja. Nilimshikia kikombe cha uji anywe, nikamfunga kitenge kiunoni. Mimi alikuwa akiniita mke mwenza, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wa kike. "Mke mwenzangu," aliniambia, "leo nimeamka gogo. Tungoje jua, labda litanirudishia utu."

Na kweli jua lilimrudisha. Ikifika saa nne vidole vilianza kulegea. Muda mfupi baadaye aliweza kushika jembe, akamenya viazi, akamsema kila aliyepita njiani. Mdomo wake haukuwahi kuumwa.

Miaka hiyo ndiyo redio ilikuwa ikiimba soko huria. Madukani Sumbawanga kulijaa vitu ambavyo hatukuwahi kuviona, lakini ruzuku ya mbolea ya chumvichumvi ilikuwa imeondolewa, na mfuko mmoja ukawa kitu cha kutazama tu. Watu wakarudi kwenye kilimo cha babu zao, yale matuta ya duara tunayoyaita ntumba. Mvua zikikaribia kwisha, unafyeka majani, unayakusanya, unayafukia kwa udongo mpaka yaoze. Msimu unaofuata unayasambaza matuta na kupanda ulezi. Ni kazi ya kuvunja mgongo hata wa mzima, kwa hiyo watu walilimiana kwa zamu. Mwenye zamu anapika pombe, majirani wanakuja na majembe. Sharti lilikuwa kufika kabla umande haujakauka. Ukichelewa, unakaa pembeni na kupewa machicha ya pombe tu.

Bibi kila mara alikaa pembeni. Alifika saa nne na jembe lake, akalima kuliko wengi, na bado akapewa machicha. Jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mama mwenye sauti ya kengele, ndiye aliyeanzisha maneno ya asubuhi mgonjwa, mchana mzima. "Ugonjwa wa mama huyu una saa," alisema. "Alfajiri unamlaza, pombe ikiiva unamwamsha." Kwetu homa ikikushika inakushika kutwa, na mguu uliovunjika hauungi mchana. Maumivu yanayokuja na alfajiri na kulegea jua likipanda hayakuwa na jina ila uvivu. Wenye adabu kidogo walisema amerogwa. Hata mhudumu wa zahanati alimwambia aote moto na apunguze visingizio.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi, na zamu ya bibi ilikuwa ya mwisho, mvua zikiwa zimebaki kidogo. Ntumba zisipoinuliwa kabla udongo haujakauka, mwaka unaofuata hakuna ulezi, na sisi hatukuwa na kingine cha kutegemea. Bibi alilijua hilo. Aliotesha kimea, mimi nikasaga juu ya jiwe mpaka mabega yakawaka, na pombe ilipoiva harufu yake ilifika barabarani. Usiku wa kuamkia siku ile hakulala vizuri kwa furaha.

Asubuhi hakuja mtu. Umande ukakauka. Bibi alikaa mlangoni na mikono yake kwenye beseni, maji yakapoa, akanituma ng'ambo ya kijito.

"Shikamoo mama," nilimwambia jirani. "Bibi anawangoja."

Alikuwa anaota moto, jembe liko kando yake. "Marahaba mwanangu. Mwambie bibi yako vidole vyetu havijafunguka. Tunangojea jua."

Walikuja saa nne, watu kama ishirini, wamekunja vidole kama bibi. Mwanamume mmoja alitembea ameinama huku akiugua kwa sauti ya kizee. Wakafukuafukua udongo kwa kicheko, wakainua ntumba chache tu kwenye pembe ya shamba, na adhuhuri wakashuka kwenye mitungi. Desturi yetu haikuruhusu kumnyima pombe mtu aliyegusa shamba lako kwa jembe, hata kama amelikwaruza tu. Walilijua hilo. Bibi akawamiminia mwenyewe, mmoja mmoja.

Na mimi nilicheka. Sikukosa kuelewa. Nilikuwa nimechoka kuwa mjukuu wa mama mwenye ugonjwa wa saa, na siku ile, mara moja tu, nilitaka kuwa upande wa wanaocheka.

Walipokuwa wanaendelea kunywa, bibi alichana kipande cha khanga, akakizungushia mkono wa kulia na mpini wa jembe, akakaza fundo kwa meno. Kisha akaenda shambani peke yake. Kutoka uani tulimwona akifyeka, akikusanya, akifukia. Kicheko kikapungua kidogo, kikarudi. Nilisimama. Jirani akanivuta, "Kaa, mwanangu, bibi yako kapona." Nikakaa.

Alirudi jua likizama, wageni wamekwisha ondoka. Alikaa kwenye kinu kilichoinamishwa, akaninyooshea mkono uliofungiwa jembe. Fundo lilikuwa limelowa na kukaza, nikalifungua kwa meno. Kitambaa kilitoka na ngozi. "Taratibu, mke mwenzangu," alisema tu. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Zaidi ya nusu ya shamba ilibaki majani, na mwaka uliofuata tuliomba ulezi kwa watu wale wale, jirani wa ng'ambo akiwa wa kwanza kutupimia.

Bibi amekwisha fariki, na jirani pia. Nilikwenda mwezi wa sita nikakuta pale shambani pana nyumba za bati, na wanaolima wanakodi ng'ombe au trekta. Zamu za pombe hakuna tena. Watu wa kwetu tukikutana mjini, kwenye misiba na harusi, huwa wanasikitikia jambo hilo. Zamani tulipendana, wanasema, zamani mtu hakulima peke yake. Mimi huwa nainuka nikatafute maji ya kunywa. Niliona mtu akilima peke yake mbele ya majembe ishirini, na desturi hiyo ikifa mara mia sitaililia.

Daktari alinieleza ugonjwa huu hautokani na baridi wala uvivu. Ni kinga ya mwili inayogeuka na kushambulia viungo, na asubuhi ndiyo saa yake. Ningependa kuwarudia wote wale na maneno hayo, niwapigie hodi mlangoni. Lakini waliocheka pale uani hawakuwa wale ishirini tu. Wao walikuwa wamelewa, na waliamini ni mvivu. Mimi ndiye niliyemshikia kikombe kila asubuhi, nilijua, na jembe langu dogo lilikuwa limeegemea ukuta karibu yangu. Mikono yangu wakati huo ilikuwa mizima.