Nilisema Mtoto Wangu Amepona, Wakafunga Santre

Mtoto wangu alipona siku ya Jumanne, saa nne asubuhi.

Iko imeandikwa. Iko na muhuri wa serikali, na nimeuona kwa macho yangu.

Mchana wa siku hiyo hiyo nilimbeba mgongoni kumrudisha nyumbani, maana chuma cha mguu wake kilikuwa kimembana mpaka ngozi imetoka.

Mutanisamehe nikisema polepole. Niliishia primeri ya sita.

Mimi ni mjane, nakaa Kasenga, hapa Uvira, nauza unga wa muhogo mbele ya mlango wangu. Marehemu aliniachia mtoto mmoja, Jolie, ana miaka kumi. Akiwa na miaka miwili alishikwa na malaria kali, akachomwa sindano, na mguu wa kushoto ukalala.

Haukuamka tena.

Anatembea kwa aparei: vyuma viwili vya pembeni, mikanda ya ngozi, kiatu chini. Mtoto anakua, chuma hakikui. Kila mwaka lazima kibadilishwe, la sivyo kinamla mwili.

Aliyekibadilisha ni Papa Toussaint, fundi wa santre yetu ya viungo. Santre iliishi kwa msaada wa serikali. Fundi, ngozi, chuma, vyote vilitoka huko. Mwaka jana tukaanza kusikia kwamba inchi iko na mambo mengi, budje, zile pesa za serikali, itapunguzwa, na kwamba muheshimiwa mmoja atatumwa kuangalia kama santre ingali na kazi.

Sasa sikieni kosa letu.

Kwetu mgeni hapokelewi na machozi. Tulikutana, wazazi na wenye ulemavu, wakanichagua mimi kupanga mapokezi, kwa sababu hata kanisani ndiyo kazi yangu. Nikaamuru kitenge kimoja kwa wote. Nikasema bekiye, zile fimbo za kwapani, zifichwe nyuma ya mlango, zisimkwaze mgeni. Nikasema sketi ziwe ndefu, zifunike miguu.

Gaspard akanibishia. Huyu ndiye prezida wa shirika letu, anabadilisha pesa pale mpakani Kavimvira akiwa juu ya baiskeli yake ya mikono, na mdomo wake hauna breki.

"Mama Jolie," akasema, "huyu anakuja kuona vilema, na weye uko unamuandalia harusi."

Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba shida ya mtu haifunguliwi mbele ya mgeni kama mzigo kwenye dwane, pale forodhani.

Ningekuwa na akili ningemsikia.

Muheshimiwa akaja. Kijana mpole, suti, miwani, karatasi zake mkononi. Tukaimba. Tukamlisha wali wa Bwegera na ndagala, samaki wadogo wa ziwa. Alipomaliza kunawa akapita kwenye mabenchi, anauliza kila mtu swali moja: uko aje?

Akamuuliza Asha, mama wa Kiislamu anayeuza vitenge, asiyefika hata chooni bila bekiye. Asha akajibu kama alivyolelewa. "Alhamdulillah, niko muzima kabisa."

Akaandika.

Mzee aliyefuata akasema tunashukuru Mungu, hakuna shida. Akaandika.

Akafika kwetu. Jolie alikuwa amependeza, sketi mpaka chini, anatabasamu. Muheshimiwa akaniuliza mtoto iko aje.

Ninyi munaosali munajua. Sisi tumefundishwa kukiri kwa kinywa. Ugonjwa hausemwi, ukiusema unauita. Miaka minane, kila anayeniuliza nampa jibu moja. Siku ile sikuwa na lingine.

"Amepona kwa jina la Yesu."

Akaandika. Jina la Yesu hakuliandika. Aliandika amepona.

Mwezi haukuisha. Tukakuta kufuli mpya mlangoni na tangazo limebandikwa. Gaspard akalisoma kwa Kifaransa, kisha akatugeuzia kwa Kiswahili: wahusika wameonekana wako katika hali nzuri, wengine wamepona, santre imemaliza kazi yake, msaada umesimamishwa.

Hakuna aliyenitazama. Afadhali wangenitukana.

Nikarudi nyumbani, nikapiga magoti. Ningemuambia Mungu nini? Nilimsifu, na sifa ikafunga mlango.

Papa Toussaint akaenda kuchomelea mageti ya watu. Miezi mitatu, kidonda cha Jolie kikawa kipana kama kifuniko cha chupa. Miezi mitano, akaacha shule. Aliniambia mwenyewe, bila kulia, kwamba amechoka kufika darasani mgongoni kwa mama yake kama mtoto mchanga.

Na sisi tukawa watu wa biro, ofisi za serikali. Rudini kesho. Shefu iko misioni, amesafiri. Dosie, yaani faili yenu, inakosa kopi. Gaspard na baiskeli yake kwenye matope, Asha na bekiye zake, mimi na Jolie mgongoni. Biro ile sitaitaja. Ngazi zake nazijua kuliko ngazi za kanisa.

Kuna uchovu unaopita hasira. Unakaa tu kwenye benchi la watu, unatazama mjusi ukutani, unamuonea wivu.

Mara ya kumi na moja, au kumi na mbili, akatupokea yule yule muheshimiwa wa miwani. Jina lake Mathieu. Akatueleza bila ukali kwamba njia iko moja. Kila aliyehojiwa akane kwa maandishi yale aliyoyasema, aandike kwamba alisema uongo. Hapo dosie inaweza kufunguliwa upya.

Kwa wengine ilikuwa karatasi tu. Kwangu ilikuwa nikane ushuhuda wangu. Niandike kwa mkono wangu kwamba Yesu hakumponya Jolie, na nimwage wino juu ya jina lake.

Nikaomba siku tatu. Nikafunga, maji tu. Nikamuuliza mchungaji, akasema hilo ni kati yangu na Bwana, akabadili mazungumzo. Nilielewa: naye aliogopa kujibu.

Siku ya tatu nilikuwa namuosha Jolie kidonda. Akaniangalia.

"Mama, weye unaogopa Mungu atasoma ile karatasi?"

Nikachovya kitambaa tena kwenye maji.

"Yeye mbona iko anajua mguu wangu uko aje. Ni yule wa biro ndiye hajui."

Kesho yake tukarudi wote. Mathieu akaweka dosie mezani, tukaanza kusaini mmoja mmoja. Asha akasaini. Mzee akaweka kidole. Zamu yangu ikafika.

Mimi nasoma polepole, kidole chini ya neno. Watu hukasirika wakinisubiri. Nikafungua karatasi moja baada ya nyingine kutafuta yangu, nikaikuta, amepona, na muhuri juu yake, na chini kabisa nikakuta moja ambayo hatukuwahi kuiona. Siyo lile tangazo la mlangoni. Ulikuwa uamuzi wenyewe, umesainiwa na mkubwa wa juu.

Kifaransa changu ni kidogo. Lakini tarehe ni tarehe.

Muheshimiwa alikuja kwetu tarehe kumi, mwezi wa kumi. Siwezi kuisahau.

Uamuzi ulisainiwa tarehe kumi na nane, mwezi wa tisa.

Nikasoma tena. Nikamwita Gaspard asome. Akasoma, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mdomo wake ukakosa mzaha.

Haukumtaja Asha. Haukumtaja Jolie. Ulisema santre inaondolewa kwenye budje, basi.

Nikaweka kalamu chini.

"Muheshimiwa," nikasema, "mulitukata mwezi wa tisa. Mwezi wa kumi mukaja kutuuliza tuko aje. Mulikuwa munauliza nini?"

Mathieu alivua miwani. Aliipangusa na tai, muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

"Mama, minye nilitumwa kutafuta sababu," akasema. "Ninyi mukanipa."

Miezi mitano nilikuwa nimebeba mlango ule mgongoni, pamoja na mtoto. Kumbe ulikuwa umefungwa kabla sijafungua kinywa. Hata ningelia siku ile, hata ningemvua Jolie sketi mbele ya watu, angeandika kitu kingine, na kufuli ingekuja vile vile.

Sikufurahi. Nilichoka upya.

Gaspard akatoa simu, akapiga picha karatasi zote mbili, ule uamuzi na ile ya majibu yetu ya mwezi wa kumi. Mathieu akageuka, akatazama dirishani mpaka alipomaliza. Kwa hilo namuombea heri.

Zile picha zilizunguka Uvira yote. Zikasomwa redioni. Zikasomwa kanisani, na mchungaji safari hii hakubadili mazungumzo. Asha akazipeleka msikitini. Watu wakauliza swali langu lile lile, kila biro, mpaka wakubwa wakachoka kulisikia.

Santre imefunguliwa. Siku mbili kwa juma tu, na ngozi tunatafuta wenyewe. Papa Toussaint amerudi nusu, nusu nyingine bado iko kwenye mageti. Jolie amepata aparei mpya, amerudia darasa, anakaa na watoto wadogo kwake na hilo linamuuma.

Mutauliza kama nilisaini. Ile ya uongo sikuisaini. Nilisaini nyingine, niliyoandika mwenyewe kwa Kiswahili: mtoto wangu anatembea kwa chuma, na chuma kimekuwa kidogo. Hiyo ni kweli mbinguni na duniani.

Ninyi wenye watoto kama wangu, nisikieni. Akija mtu wa serikali na kalamu, akakuuliza uko aje, hiyo si salamu, usiijibu kama salamu. Fungua kitenge, muoneshe kidonda. Mungu hataona haya kwa ajili yako.

Na wakikuambia kosa ni lako, usikimbilie kulibeba. Soma kwanza, hata kama unasoma polepole.