Neno Moja la Siri kwa Wageni Wote

Bosi wetu alikuwa na kalamu ya dhahabu na uvivu wa kuiinua. Nilimfanyia kazi miaka mitatu pale Changamwe, kwenye yadi ya makontena, mwishoni mwa miaka ya tisini, na sijapata kuona mtu aliyejivunia kompyuta kwa ujinga kiasi kile.

Tulikuwa na programu tatu za ndani: ya orodha ya makontena, ya vibali vya kutolea mizigo, na ya zamu za malori. Mawakala wa forodha walikuja kwenye dirisha langu kuulizia mizigo ya wateja wao. Foleni ndefu, lakini walikuwa na adabu yao: faili la mwenzako likifunguliwa, unatazama pembeni.

Nikapendekeza tuwawekee kompyuta chumba cha nje. Kila wakala awe na jina na neno lake la siri. Akiliingiza mara moja, programu zote tatu zimfungukie, ila aone mizigo yake tu. Nikaandaa fomu arobaini, kila moja ikihitaji sahihi ya bosi.

"Makaratasi yote haya ya nini? Si wote ni wageni? Wape jina moja na neno moja. Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Akacheka peke yake.

"Lakini bosi, wataoneana mizigo."

"Kazi yako ni kupiga chapa."

Nikapiga chapa.

Mwezi haukwisha, akaja wakala mmoja, mama mjane wa Bofu, aliyesomesha wanawe kwa malipo ya mteja mmoja mkubwa wa mitumba. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wazima nyumbani?" Hakuruka hata neno moja la maamkizi. Kisha akasema, "Mteja wangu amechukuliwa. Aliyemchukua amemtajia makontena yangu namba kwa namba. Wallahi, mimi sikumwambia mtu. Nani aliyeyaona?"

Nikafungua kumbukumbu za kompyuta, za nani alifungua nini, mbele yake. Kila mstari ulikuwa na jina lilelile: MGENI, MGENI, MGENI, mpaka chini.

Nikamwita bosi. Akasema labda mama mwenyewe alisahau kufunga programu alipomaliza, akarudi kwenye chai yake. Nilimdharau.

 Mama alinigeukia mimi.

"Wewe ulijua, mwanangu?"

Jina lile nililiingiza kwa mkono wangu. Nikatazama pembeni.