Ufunguo wa Choo

Kijiwe chetu cha kahawa Kariakoo kinatazamana na duka la jumla la vitenge. Kila asubuhi mwalimu mmoja mstaafu huushambulia ubepari pale, kuanzia vita hadi bei ya mafuta. Miaka yote nilimwona mpiga domo tu, na leo namwomba radhi.

Jumanne alikuwa akisimulia mgomo wa makuli kwenye bandari moja ya ng'ambo. Mpagazi wa lile duka, kikombe mkononi, akamkatiza.

"Shikamoo, mwalimu. Waligoma wangapi?"

"Marahaba. Wote."

"Hata mmoja hakubeba?"

"Hata mmoja."

Akamaliza kahawa yake taratibu, akavuka barabara kwa wenzake. Punde marobota yakatuliwa mlangoni mwa duka, na kila mpagazi akakalia lake. Walitaka ufunguo wa choo cha duka, ambacho walikatazwa kukitumia. Wateja wakakosa pa kupita. Mwenye duka alivumilia nusu saa, kisha akauleta ufunguo kwa mkono wake. Kijiwe kizima tulisimama tukapiga makofi.

Siku hizi mwenye duka naye anakunywa kahawa pale. Anawahi kuliko sisi wote, na kabla hajakaa anauliza, "Mwalimu, leo mada ni nini?"