Kinanda Kilichochelewesha Kwaya

Siku yangu ya kwanza kazini nilitafuta kinanda nisikione. Nilikuwa nimepiga kinanda kanisani miaka mingi, na kwa sababu hiyo Mkurugenzi wa studio moja karibu na soko la Babati aliniajiri kwa majaribio ya miezi mitatu. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, ofisi zinafunguliwa, wageni wanahamia, na kila kwaya ilitaka kurekodi mjini. Mezani nilikuta kompyuta, spika mbili na kibodi fupi ya plastiki. Nikaibonyeza. Kimya.

"Mama Glory, hiyo bila kompyuta ni ubao tu," Mkurugenzi aliniambia akicheka. "Sauti yote iko humu ndani."

Humo ndani mlikuwa na sinthesaiza, yaani programu inayotengeneza sauti za ala ambazo hazipo chumbani. Ilinichukua wiki nzima kuacha kununa. Vijana wa leo mnachagua sauti iliyo tayari na kuendelea na safari. Sisi tuliijenga noti wenyewe, kwa vitufe vinne vya kuzungusha vilivyochorwa kwenye skrini na kuandikwa A, D, S na R.

Ataki ni muda ambao noti inachukua kutoka kimya hadi kilele chake. Ikiwa fupi, sauti inatoka papo hapo kama ngoma iliyopigwa. Ikiwa ndefu, inapanda polepole. Dikei ni muda wa kushuka kutoka kwenye kilele hicho. Sasteni si muda, na hapo wengi hukosea: ni kiwango cha sauti kinachobaki wakati kidole bado kimebonyeza. Rilisi ni muda ambao sauti inafifia baada ya kidole kuondoka. Vyote vinne tuliviita envelopu, yaani umbo la noti tangu kuanza hadi kuisha.

Wiki ya tatu nikajiona fundi. Mkurugenzi alinipa kazi ya kuandaa muziki wa kwaya ya wakulima kutoka milima ya Mbulu. Nilivaa hedifoni, nikajifungia peke yangu, nikatengeneza sauti ya fidla nyingi. Ataki nikaifanya ndefu. Noti zilipanda taratibu, nzuri mpaka nikatokwa machozi. Nakiri kwamba nilijipenda sana mchana ule.

Kwaya ilifika kesho yake kwa lori, wote wamevaa sare, wakiongozwa na Mwalimu wao, mzee mrefu na mpole.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Tumekuja kuimba. Lori linarudi saa tisa."

Kwaya yake ilikuwa na desturi moja. Hakuna aliyefungua mdomo kabla kinanda hakijatoa noti ya kuwaita, Mwalimu akaisikia sawasawa, kisha akashusha mkono. Kanisani kwao desturi hiyo haikuwahi kuwaangusha. Studio iliwaangusha kila ubeti. Mapigo ya ngoma yaliyokwisha kurekodiwa yalitangulia, wao wakafuata nyuma. Walirudia mara nne, mara tano, bila mafanikio.

Mkurugenzi alikuwa mwepesi wa hasira. Alibonyeza swichi ya kuongea na chumba cha waimbaji. "Mwalimu! Mnachelewa! Hamsikii?"

Mwalimu alikuja mpaka mlangoni kwetu. "Mkurugenzi, nadhani ni mimi," alisema. "Masikio yangu yamechoka. Hata nyumbani nimekuwa nikijishuku. Tujaribu mara moja ya mwisho, halafu nikifika nyumbani namkabidhi mtu mwingine hii kwaya."

Alikuwa ameiongoza tangu ujana wake. Wanakwaya walimsikia, na mama mmoja wa sauti ya kwanza akaanza kulia.

Mara hiyo sikuangalia skrini. Nilimtazama Mwalimu kupitia kioo. Mkono wake uliinuka kwa wakati. Noti ikaanza. Mkono ukasubiri hewani hadi fidla zangu zilipojaa, ndipo ukashuka. Masikio yake hayakuwa na kasoro yoyote. Alikuwa anaingoja noti ambayo mimi mwenyewe niliichelewesha.

Nitasema ukweli: nilifikiria kunyamaza. Ningeweza kukirudisha kitufe kimyakimya, kwaya ikaimba, nami nikabaki na kazi yangu. Lakini Mwalimu alishatamka neno lake mbele ya watu wake, na angerudi milimani akiamini ameanza kuwa kiziwi. Moyo ulikataa.

"Mkurugenzi, kosa ni langu," nikasema. "Ataki nimeiweka ndefu. Noti inafika nyuma ya mapigo."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Niliona inapendeza."

"Ilimpendeza nani? Wewe na hedifoni zako! Rekebisha. Halafu nenda kamwambie mzee mwenyewe."

Niliishusha ataki karibu na sifuri, nikabakiza kidogo, kwa sababu ukiimaliza kabisa fidla hugonga kama mtu anayepiga meza. Kisha nikaingia chumba cha waimbaji.

"Mwalimu, nisamehe. Umeongoza sawa tangu asubuhi. Kinanda changu ndicho kilichochelewa."

"Kwa hiyo nasikia?"

"Unasikia kuliko mimi."

Alicheka, akajifuta macho kwa mkono wa sare yake. Waliimba mara moja tu, na hiyo ndiyo iliyoingia kwenye kaseti.

Mkurugenzi hakunifukuza. Alinipa amri kwamba nisipitishe sauti yoyote kabla ya kuijaribu na watu watakaoimba nayo. Amri hiyo niliibeba hadi redioni, chini ya Mhandisi Mkuu asiyependa maneno mengi, kisha Bonga, nje kidogo ya Babati, nilikofundisha wapiga vinanda hadi kustaafu. Kompyuta zimebadilika, vitufe vinne viko palepale. Ninyi mnaoanza leo mna vifaa ambavyo sisi hatukuviota, na ninafurahi nikisikia mnavyovitumia. Ombi langu ni moja: mwimbaji akikosea, kagueni kwanza kazi yenu.

Mwaka niliostaafu, Mwalimu alileta kwaya yake Bonga kurekodi tena katika studio yetu ya mafunzo, akitembelea fimbo, binti yake pembeni. Nilimwamkia mara tatu ndipo akaitika.

"Mama Glory," alipaza sauti chumba kizima kikasikia, "safari hii usiombe msamaha. Ni masikio kweli!"

Tulicheka wote. Kisha akamshika binti yake mkono, akamsimamisha mbele ya kwaya, naye akaenda kukaa.