Aneth Hakumuua Punda

Asubuhi ya Shelui, mji wa malori mkoani Singida, huanza kwa breki. Madereva wanashuka wakijinyoosha, wauza uji wanakimbilia milango ya magari, na kwenye gereji moja ya mabati pembeni mwa barabara kuu iendayo Nzega, dada mwenye ovaroli iliyopauka amechutama mbele ya pikipiki anafungua plagi. Hatanii wala haimbi. Anayemsalimia anajibiwa kwa kichwa.

"Kumi na nne," anasema bosi wake bila kugeuka.

Anampa spana namba kumi na nne, naye pia bila kugeuka.

Hivyo ndivyo Aneth Chediel na fundi mkuu wake, Obadia, wanavyoongea siku hizi: kwa namba za spana. Zaidi ya hapo hakuna neno. Na mtu asije akadhani Aneth ni mpole. Wanaomfahamu wanasema kabla ya mambo haya alikuwa na mdomo wa kuchangamsha stendi nzima.

"Nimenuna, ndiyo. Andika hivyo hivyo," anasema huku akipuliza plagi. "Usiandike nimehuzunika. Nina hasira."

Aneth, mwenye miaka ishirini na minne, ni mzaliwa wa Iguguno, mtoto wa mkulima wa alizeti na mahindi. Alimaliza kidato cha nne, matokeo yakamgomea, akaja Shelui kuuza chai kwa madereva. Akawa anapeleka chai gerejini, anachelewa kuondoka, anauliza hiki kinafanya nini na kile kinaingia wapi. Mwishowe Obadia akamwambia kama hataki kuondoka basi ashike tambara afanye kazi.

Huu ni mwaka wake wa pili. Siku njema anatoka na shilingi elfu saba, siku mbaya anatoka na grisi kwenye kucha. Hajawahi kulalamika kuhusu hilo. Fundi mwanafunzi ndivyo anavyoishi, anasema, na ufundi alioupata hapo haukuuzwa kwa bei mbaya.

Kilichomharibia moyo ni Punda.

Punda ni pikipiki ya matairi manne ya Mzee Zefania, mkulima mkubwa wa Misigiri mwenye mashamba ya alizeti na mashine yake ya kukamua mafuta. Aliinunua kwa mtu aliyekuwa akifunga kambi ya utafiti wa madini, akaifunga tela nyuma, ikawa inabeba magunia kutoka shambani. Watu wakaipa jina hilo kwa sababu ya mizigo. Haina namba za usajili, haikanyagi lami, hivyo ikiugua hupakiwa kwenye Fuso na kuletwa Shelui.

Mara ya kwanza ilikuja inakohoa. Ukiiwasha inawaka vizuri, inanguruma kwa adabu. Ukiipa mzigo tu, inamisi, moto unakatikakatika, inatoa moshi mweupe, inazima. Obadia alikuwa na lori la watu juu ya jeki, akamwambia Aneth aishughulikie.

Ilikuwa mashine yake ya kwanza kuachiwa peke yake. Alibadilisha plagi. Akafungua kabureta, akakuta vijitundu vya kupitishia petroli vimezibwa na utando wa njano, akazibua vyote. Petroli iliyokuwemo kwenye tangi akaimwaga kwenye beseni la kuoshea vyuma, kama gereji zote zinavyofanya, akaweka mpya kutoka kituoni. Punda akapanda na kushuka barabara ya vumbi nyuma ya soko kama ametoka dukani.

"Nilifurahi mpaka nikampigia mama simu," anasema.

Haukupita muda Fuso likarudi na Punda juu yake. Ugonjwa uleule. Aneth akafungua tena, akazibua tena, akaangalia moto wa plagi, akasafisha chujio la hewa, akamwaga petroli kwenye beseni, akaweka mpya. Ikapona. Ikaenda Misigiri. Ikaugua.

Safari hii Obadia mwenyewe akainama, akasikiliza, akatoa hukumu kwamba kabureta imekwisha. Mzee Zefania akanunua kabureta nyingine, na si ya bei ya mchezo. Aneth akaifunga. Ikapona, ikaenda Misigiri, na siku iliporudi Mzee Zefania hakuituma. Alikuja nayo, amekaa mbele kando ya dereva, amevimba.

Ilikuwa siku ya gulio. Watu walikuwa wengi, na mzee hakupunguza sauti.

"Obadia! Mimi nilileta mashine kwa fundi. Nani kakwambia ugeuze mali yangu kuwa ubao wa kujifunzia wasichana?" alifoka. "Huyu binti ameua Punda wangu. Mrudishe kwenye chai yake."

Watu wakacheka. Aneth akamtazama Obadia, akingoja aseme kwamba kabureta ile ilikuwa ushauri wake yeye. Obadia akafuta mikono.

"Mzee ana haki," akasema. "Leo irudi nyumbani, gulio lijalo tutashusha injini, nitaifungua mwenyewe. Na wewe Aneth, ikirudi baada ya hapo, usiniletee sura yako hapa."

Neno lile, binti ameua Punda, halikubaki Shelui. Barabara kuu ina masikio. Madereva wakalichukua pamoja na mizigo yao, likapita Misigiri, likafika Iguguno kabla ya Jumapili. Mama yake Aneth aliulizwa na muuza vitunguu kama ni kweli mwanawe ametia hasara ya mamilioni.

Hapo ndipo palipouma. Iguguno ndiko Aneth anakotaka kufungua gereji yake. Nani atampelekea mashine mtu mwenye sifa ya kuua mashine?

Jioni ile alibaki akiosha vyuma kwenye beseni, machozi yakimtoka, kwa hasira, anasisitiza. Petroli ya Punda ilikuwa imemwagwa humo. Alipotoa mikono akashangaa. Kila fundi anajua petroli inavyokausha ngozi mpaka inakuwa nyeupe. Mikono yake ilikuwa laini, inang'aa, kama ya mtu aliyetoka kujipaka.

Akakumbuka na moshi. Tangu siku ya kwanza, moshi wa Punda ulikuwa ukimnukia maandazi. Alishawahi kumwambia Obadia, naye akamcheka: "Hiyo ni njaa yako. Kanywe chai."

Akaenda kumwambia bosi wake kwamba ugonjwa hauko kwenye injini, uko Misigiri, kwa sababu kila ikiwekwa petroli ya Shelui inapona. Akaomba aende akaone inakojaziwa mafuta kabla injini haijashushwa.

"Fundi hamfuati mteja nyumbani," Obadia akajibu. "Utatutia aibu."

Jumapili gereji hufungwa. Aneth hakwenda kanisani. Alipanda lori la mahindi hadi Misigiri, akauliza njia, akaingia uani kwa Mzee Zefania akiwa na bisibisi kwenye mkoba wa khanga.

Mzee hakuwepo. Mkewe, Mama Dina, alikuwa anapepeta alizeti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetokea wapi na vumbi lote hilo?"

"Shelui, mama. Mimi ndiye yule niliyeua Punda."

Mama Dina akaacha ungo. Akamtazama juu mpaka chini, akacheka, akamletea maji ya kunywa. Aneth akamwomba amwonyeshe petroli inapokaa. Mama akampeleka ghalani. Yalikuwepo madumu ya njano yamepangwa mpaka dirishani.

"Lipi la petroli, mama?"

"Lolote linalokuwa tupu. Yote ni ya alizeti haya, tunakamulia humo. Mafuta yakiuzwa, dumu likirudi, baba anatuma likajazwe petroli."

"Mnayaosha?"

"Ya nini, na mafuta si mafuta? Tena baba hataki tuyaoshe. Anasema maji yataingia kwenye mashine."

Aneth akainamisha dumu moja lenye petroli. Chini kabisa, chini ya petroli, palikuwa na tope zito la njano, masalia ya mafuta mabichi ya alizeti yaliyochanganyika na unga wa mashudu, makapi ya mbegu zilizokamuliwa. Kila petroli ikimiminwa inakoroga tope lile, na Punda analinywa. Ndiyo maandazi yenyewe hayo.

Huku Singida dumu la alizeti ni kama kikombe, kila nyumba inalo, na hakuna anayelihesabu kuwa chombo kichafu. Hata Aneth anasema kwao wanafanya vivyo hivyo kwa maji, kwa pombe, kwa dawa ya ng'ombe. Angekuwa na pikipiki utotoni, angefanya kosa hilohilo.

Mzee Zefania akarudi kutoka kanisani, akamkuta msichana aliyetaka afukuzwe ameshika dumu lake.

"Shikamoo baba."

Hakuitikia. "Nani kakuruhusu kuingia ghalani kwangu?"

"Baba, naomba unipe kipande cha boksi tu. Nikishindwa kukuonyesha, naondoka na ufundi naacha."

Alitamka hivyo, na anasema angeacha kweli. Akadondosha juu ya boksi tone la petroli kutoka kwenye dumu lile. Pembeni yake akadondosha tone kutoka kwenye chupa ya petroli aliyokuja nayo kutoka Shelui. Wakasimama juani wote watatu. Tone la Shelui likapotea, boksi likabaki kavu. Tone la Misigiri likaacha doa linalong'aa, kama karatasi ya kufungia chapati.

Mzee akaligusa kwa kidole. Akanusa. Kwa mtu aliyekamua alizeti maisha yake yote, hapakuwa na haja ya kuelezwa zaidi.

Kisha akamgeukia mkewe. "Mama Dina! Umefanya nini na mashine yangu?"

Mama Dina akasema jambo kwa Kinyiramba, polepole, halafu akalirudia kwa Kiswahili ili mgeni asikie. "Dumu ulileta mwenyewe. Na kuosha ulikataza mwenyewe."

"Pale ndipo nilipochemka," anasema Aneth. "Mimi alinitukana, sawa, hanijui. Mama wa watu je? Anatafuta mwanamke wa kubeba kila kitu chake?"

Akameza hasira. Akalisafisha tangi, akazibua kabureta, akaweka petroli ya dumu jipya la dukani. Punda akavuta tela lililojaa magunia mpaka shamba la mbali, akarudi bila kukohoa. Hajaugua tena hadi leo.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu. Haikuishia hapo.

Gulio lililofuata, Mzee Zefania alifika gerejini Shelui, amevaa vizuri, kicheko kirefu. Akawapita watu wote, akamshika Obadia mkono.

"Fundi, umeniponya! Punda anatembea."

Na Obadia, aliyekwisha kuelezwa yote na Aneth, dumu na boksi na tope, akaitikia: "Tunashukuru mzee. Ndiyo kazi yetu."

Aneth alikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Aliacha spana ikaanguka. "Bosi, mwambie," akasema kwa sauti. "Mzee, sema kilikuwa nini." Mzee akatazama barabarani kana kwamba kuna basi anasubiri. Obadia akamvuta Aneth kando: "Usimwaibishe mteja mbele ya watu."

Lakini yeye aliaibishwa mbele ya watu haohao. Hilo hakuna aliyeliona kuwa tatizo.

Obadia akiulizwa leo, hakatai. "Yule mzee ananiletea mashine zake zote, hata ya kukamulia. Nikimvunjia heshima nitakula nini? Aneth ni fundi, tena fundi mzuri. Ila ana hasira sana," anasema. Anayasema hayo kwa kunong'ona, amegeukia ukuta, ili wateja wasimsikie akimsifu.

Mzee Zefania naye, kwa simu, alikuwa na maneno machache. "Mambo hayo yamekwisha. Punda anatembea. Ya nini kuyaandika gazetini?"

Yamekwisha kwake. Wiki iliyopita dereva mmoja alisimamisha gari Iguguno, mbele ya kiwanja cha mama yake Aneth, akaona nguzo zinachimbiwa. Akauliza ni za nini. Alipoambiwa ni za gereji, akacheka: "Ya yule binti aliyeua Punda?"

Nguzo zimeshasimama. Mabati amepata nusu, spana anazo za kuanzia, na anataka kufungua mara alizeti zitakapoanza kuvunwa, wakati mashine za kila aina zinaharibika kwa pamoja. Obadia amemwomba abaki. Amemjibu kwa namba ya spana.

Anapoulizwa atafanya nini siku Mzee Zefania atakapomleta Punda Iguguno, Aneth anaweka plagi chini na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anainua uso.

"Aje tu. Shikamoo nitampa, ni mzazi wangu yule, na kiti nitampa akae kivulini. Lakini sitagusa nati hata moja mpaka aseme, kwa sauti ileile aliyonitukania, nani aliharibu mashine na nani aliiponya. Akiona ni gumu, amsukume Punda wake mpaka kwa Obadia. Mteremko wa Sekenke upo njiani kushuka Shelui, utamsaidia."